WALIMU WAWILI NYUMBA MOJA: NILIVYOBADILISHA JINA LA KOMPYUTA TEGETA

Mwenzenu nimeadimika, najua, na wengine mmeshaanza kusema nimedisko. Sijadisko jamani! UE zilinibana, halafu zilipoisha bumu likawa bado halijaingia, na mtu mwenye njaa haandiki. Sasa niko hai. Wiki hii sina stori ya kafteria wala ya kugombea viti Yombo. Nina stori ya Tegeta, na ndani yake kuna maelezo ya Linux kwa wale mnaonisimamisha njiani kila siku mkiniuliza.

Wasiojua: wikiendi huwa naenda kwa mama mdogo, Tegeta. Unapanda daladala Mwenge, unanyoosha na Barabara ya Bagamoyo, unapita Lugalo, Tangi Bovu, Africana, mpaka unaanza kusikia konda anaita Kwa Ndevu, Nyuki, Kibaoni. Muulize abiria yeyote majina hayo kayasoma wapi. Hajayasoma popote. Anayajua kwa sababu konda anayaita na watu wanashuka. Jina linaloitwa na likaitikiwa, hilo ndilo jina. Hata hilo la Tegeta lenyewe, nchi nzima ililisikia mwaka 2014 kwenye ile ishu ya akaunti ya Tegeta Escrow iliyotikisa Bunge, wakati sisi wenye Tegeta yetu tulikuwa tunahangaika na ndoo za maji tu.

Basi tuje kwenye kompyuta.

Baba mdogo alikuwa mwalimu wa sekondari, Hesabu na Fizikia. Alifariki 2022. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake, wote walimwita Mwalimu, hadi muuza mkaa. Jioni watoto wa majirani walikuwa wanakuja barazani kufanya hesabu, bure kabisa, na yeye anakaa kwenye kiti chake cha plastiki anapita daftari moja moja. Alikuwa na laptopu yake ya zamani aliyoitia Ubuntu baada ya virusi vya flashi kumla mitihani aliyokuwa ametunga. Alisema amechoka kupeleka flashi steshenari inakwenda nzima inarudi mgonjwa. Ile Linux nyingine aliipenda kwa sababu ya jina pia. Ubuntu ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na neno lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu". Baba mdogo alikuwa anawaambia watoto: hii kompyuta ina utu, haiombi hela.

Kwenye ile laptopu akaweka vitu viwili. Kwanza ukurasa mdogo aliouandika mwenyewe, wenye mitihani ya miaka iliyopita na maelezo yake. Pili folda la pamoja, kila mtoto ana sehemu yake ya kuweka kazi alizofanya, anazipiga picha kwa simu anazitupia humo. Vyote vinapatikana kwa waifai ya nyumbani. Na hapa nisisitize kitu ambacho watu wengi wanachanganya: mtandao wa nyumbani si intaneti. Ruta ikiwa imewaka, vifaa vyote vya nyumbani vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe hata kama bando limeisha tangu juzi. Watoto wa Tegeta walikuwa wanasoma bila kulipa hata shilingi.

Halafu akachukua kalamu ya wino mzito akaandika kwenye ukuta wa baraza, juu ya swichi:

mwalimu.local

Mwandiko wake ule wa ubaoni, herufi zimesimama kama askari. Mpaka leo upo.

Sasa ile laptopu imezeeka. Betri imekufa, inaishi kwa waya. Feni inalia. Vumbi la mtaa wetu mnalijua. Mwaka huu mama mdogo akanunua kompyuta ya mezani ya mtumba Kariakoo, na fundi akanakili diski yote ya laptopu kwenda kwenye ile mpya, herufi kwa herufi, ili watoto wasikose kitu. Kazi nzuri, kila kitu kikawaka vilevile. Mama mdogo akaziacha zote mbili zimewashwa, ile mpya sebuleni, ile ya zamani chumbani kwake juu ya meza ileile, kwa sababu hakutaka kuizima. Hakusema kwa nini na hakuna aliyemuuliza.

Wiki ya kwanza safi. Wiki ya pili umeme ukakatika, ukarudi, na mdogo wangu wa Kidato cha Nne akafungua folda lake akakuta kazi zake za majuma mawili hazipo. Akalia. Kesho yake umeme ukakatika tena, ukarudi, kazi zote zipo, ila zile alizoingiza jana hazipo! Yule wa darasa la sita akaanza kuuliza kila akirudi shule: "Leo yupo mwalimu yupi?" Jirani mmoja naye akaja na lake, eti marehemu hajapumzika. Mama mdogo akanyamaza, lakini nilipofika Ijumaa usiku nikamsalimia, "Shikamoo mama mdogo", akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu ambaye hajalala.

Mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba. Wapo watoto sita wanaotegemea folda lile. Hapo si mchezo tena.

NINI KILIKUWA KINATOKEA

Tatizo lilikuwa jina. Ukinakili diski nzima unanakili na jina la mashine. Kwa hiyo mle ndani kulikuwa na wajina wawili, wote wanaitwa mwalimu, na kila mmoja ana folda lake.

Nieleze kidogo majina yanavyofanya kazi. Ruta ni kama mjumbe wa nyumba kumi. Kifaa kikiingia mtaani kinaenda kwa mjumbe, kinapewa namba ya nyumba, mfano 192.168.1.23. Namba ndiyo inayofikisha mzigo. Lakini binadamu hatukai na namba kichwani, tunakaa na majina, ndiyo maana kuna haja ya kutafsiri jina kuwa namba. Kwenye intaneti kubwa kazi hiyo inafanywa na DNS, aliyoibuni Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla ya hapo, amini usiamini, majina ya kompyuta zote za mtandao wa Marekani yalikuwa kwenye faili moja tu, HOSTS.TXT, likitunzwa na ofisi ya Elizabeth Feinler kule Menlo Park, California. Ukitaka kompyuta yako iwe na jina unawasiliana nao, wanaandika. Daftari la mahudhurio la dunia nzima, na mwalimu wa darasa mmoja!

Nyumbani kwetu hakuna DNS ya aina hiyo. Majina yanayoishia na .local yanatumia utaratibu mwingine, mDNS, uliowekwa kuwa kanuni rasmi mwaka 2013. Wenyewe hauna ofisi. Ni hodi. Simu inapaza sauti uwanjani: "Jamani, mwalimu ni nani hapa?" na mwenye jina anajibu: "Mimi, niko namba 23." Basi. Kwenye Linux anayejibu hodi ni programu inayoitwa Avahi.

Na kifaa kikiwaka, kabla ya kuchukua jina kinauliza kwanza, mara tatu, harakaharaka ndani ya sekunde moja: "Kuna mwingine anaitwa mwalimu?" Akijibu mtu, basi huyu mgeni ana adabu, anajiita mwalimu-2.

Mmeshaona? Umeme ukikatika mashine zote zinalala. Ukirudi, mtoto anabonyeza swichi ya ile iliyo karibu naye. Ya sebuleni ikiwahi, mwalimu.local ni ya sebuleni, ya chumbani inakuwa mwalimu-2. Kesho ya chumbani ikiwahi, kibao kinageuka. Ukutani jina ni lilelile, folda ni jingine. Marehemu wa watu kapumzika zake. Waliokuwa wanagombania kiti ni hawa wawili.

Nilimweleza mama mdogo hivyo hivyo, kwa mfano wa hodi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo mmoja lazima abadili jina."

Nikasema ndiyo.

"Basi hiyo ya sebuleni. Ya chumbani ni yake."

NANI ABAKI NA JINA

Hapo pakawa pagumu wadau. Kiufundi ningeweza kuibadilisha yoyote, amri ni ileile moja. Lakini ile ya chumbani haitafika Novemba. Feni ile nimeisikia. Mashine inayopaswa kufanya kazi ni ya sebuleni, na ukutani pameandikwa mwalimu.local. Nikiipa ya sebuleni jina lingine itabidi mtu apake rangi juu ya mwandiko wa baba mdogo na kuandika jipya. Na simu za watoto zote zimehifadhi anwani ile.

Nikamwambia mama mdogo hayo yote, polepole. Kwamba akitaka jina libaki kwenye laptopu, itabidi tufute ukutani. Akitaka ukuta ubaki, itabidi jina lihame.

Akainuka akaenda barazani. Alikaa huko muda. Mimi nikabaki naosha vyombo, sikutaka kumfuata.

Aliporudi akaniambia maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu: "Mwanangu, yeye jina alilipa kazi. Hakulipa plastiki. Anayefundisha ndiye aitwe Mwalimu."

Mimi nasoma ualimu miaka yote hii pale Mlimani, nimekaa kwenye mihadhara mingi, na sikumbuki kama nimesikia kauli nzito kuliko hiyo.

Na kumbe hata wataalamu wanasema hivyohivyo kwa lugha yao. Jina wanalotumia watu liwe la huduma, si la chuma, ili chuma kikifa jina lihamie kingine bila mtu kusumbuka. Kuna mwongozo wa mwaka 1990, RFC 1178, wa Don Libes, kazi yake ni kushauri namna ya kuchagua jina la kompyuta tu. Watu wanaandika mwongozo wa mambo hayo! Anashauri, pamoja na mengine, usitumie jina lako mwenyewe wala jina la kazi ambayo inaweza kubadilika, chagua neno fupi, rahisi kuliandika. Baba mdogo angebishana naye kwenye hilo la kazi.

Ikabaki laptopu iitwe nani. Watoto walipiga kelele: mstaafu! mwalimu-mkuu! babu! Mama mdogo kwao ni Bagamoyo, na watu wa pwani kwa majina hawana haraka. Akasema, "Muite Somo."

Wa darasa la sita akauliza, somo la nini? Mama mdogo akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Akamwambia kwao wawili wenye jina moja huitana somo. "Walikuwa wajina hawa, si ndiyo? Basi huyu ni somo yake." Na wewe mwanafunzi ukisoma somo, ujue ni somo. Ikapita bila kupigiwa kura.

HATUA KWA HATUA

Sasa kwa wale mlio na tatizo kama letu, hii hapa. Nimetumia Ubuntu, lakini Debian na ndugu zake ni vilevile.

1. Kwanza okoa kazi za watu. Kabla ya kugusa jina lolote nilikusanya mafolda ya mashine zote mbili kwenye diski ya nje, kila moja kwenye folda lake, kisha nikayaunganisha kwa rsync. Penye faili mbili zenye jina moja na maandishi tofauti niliziacha zote, nikaongeza tarehe, wenyewe wakachagua. Mdogo wangu alipata majuma yake mawili yote. Hii hatua ilikula Jumamosi nzima na ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote.

2. Jua uko kwenye mashine ipi. Ukiingia kutoka mbali huwezi kuzitofautisha, zote zinakuambia baba@mwalimu, maana baba mdogo kwenye jina la mtumiaji aliweka "baba". Andika:

hostnamectl

Kwenye mstari wa Chassis itakuambia kama ni laptop au desktop. Angalia na mstari wa Machine ID. Zetu zilifanana herufi zote 32, ushahidi kwamba ni mapacha wa kunakiliwa.

3. Badilisha jina. Kwenye laptopu:

sudo hostnamectl set-hostname somo

Amri hiyo inaandika jina jipya kwenye faili /etc/hostname na linaanza kutumika papo hapo. Masharti ya jina: herufi a mpaka z, tarakimu, na kistari cha kati, lakini kistari kisianze wala kisimalizie. Hakuna nafasi, hakuna mstari wa chini, na lisizidi herufi 63. Mimi nakushauri usizidi 15, kwa sababu kama una folda la pamoja la Samba na kompyuta za Windows, mfumo wa zamani wa majina wa Windows unaishia 15.

4. Rekebisha /etc/hosts. Fungua:

sudo nano /etc/hosts

Tafuta mstari unaoanza na 127.0.1.1, pale penye mwalimu andika somo. Ukiacha jina la zamani, sudo inaweza kuanza kukulalamikia kila ukiiita kwamba haimjui huyo somo ni nani. Usiguse mstari wa 127.0.0.1 localhost.

5. Kama ni Ubuntu Server yenye cloud-init, jina la zamani linaweza kurudi ukiwasha upya. Fungua /etc/cloud/cloud.cfg, weka preserve_hostname: true. Laptopu yetu haikuwa nayo.

6. Itangazie nyumba:

sudo systemctl restart avahi-daemon

Na kama unatumia Samba, uiwashe upya nayo: sudo systemctl restart smbd nmbd. Au zima na kuwasha mashine yote, ndiyo njia ya wengi.

7. Tenganisha mapacha. Kubadili jina peke yake hakutoshi kwa mashine zilizonakiliwa, maana bado zina Machine ID moja, na kuna mifumo inayojitambulisha kwa ruta kwa namba hiyo, mkajikuta mmepewa nyumba moja. Hii niliifanya kwenye ile mpya, ya sebuleni:

sudo rm /etc/machine-id /var/lib/dbus/machine-id
sudo systemd-machine-id-setup

Halafu funguo za SSH:

sudo rm /etc/ssh/ssh_host_*
sudo dpkg-reconfigure openssh-server

Kisha nikaizima na kuiwasha. Baada ya hapo kompyuta yako itakuonya kwa herufi kubwa kwamba mwalimu.local amebadilika. Ni kweli kabadilika, na sababu unaijua. Futa kumbukumbu ya zamani:

ssh-keygen -R mwalimu.local

Kwa hiyo ile mpya ikachukua jina, na ile ya zamani ikabaki na alama yake ya kuzaliwa. Mama mdogo hilo nilimwambia pia. Akasema, "Hapo sawa."

8. Ruta. Ukifungua orodha ya vifaa kwenye ruta unaweza kuona jina la zamani bado lipo. Usishtuke. Mjumbe anaandika jina pale kifaa kinapokuja kuomba namba au kuihuisha, hawezi kujua kabla ya hapo. Ni kama uwanja wetu wa ndege. Ulipewa jina la Julius Nyerere, na mpaka leo kwenye daladala watu wanashuka "Eapoti". Majina mapya yanafika kwa kasi ya wanaoyatumia.

9. Simu za zamani. Simu nyingi za Android za zamani hazielewi .local kabisa, ukiandika inakupeleka kutafuta mtandaoni. Dawa yake: kwenye ruta ifungie mashine namba moja ya kudumu kwa kutumia anwani yake ya MAC, kisha watoto waandike namba. Yetu nimeipa 192.168.1.10. Nilimwomba mama mdogo ruhusa ya kuiandika ukutani, chini ya jina, kwa herufi ndogo. Akaniambia niandike kwa penseli.

Mwisho jaribu. Ukiwa kwenye mashine nyingine ya Linux:

ping mwalimu.local
ping somo.local

Namba mbili tofauti, umemaliza. Mimi nilizima mashine zote mbili na ruta, nikawasha kwa kupishanisha, mara nne, watoto wamesimama nyuma yangu kama wanaangalia mpira. Kila mara mwalimu ni wa sebuleni, somo ni wa chumbani.

MAWAZO KIDOGO YA MWANAFUNZI WA UALIMU

Nilipokuwa TP mwaka jana nilikuwa na darasa lenye wanafunzi zaidi ya mia. Ukiita mahudhurio wanaitika wawili kwa jina moja, na mwalimu mwenzangu akanipa njia ya mkato: waite kwa namba. Kwenye mtihani wa taifa ndivyo ilivyo, mtahiniwa ni namba ya kituo na namba yake, jina linakaa pembeni ili asahihishaye asijue anamsahihisha nani, na hapo kuna haki yake. Lakini darasani mtoto akiitwa namba 64 anaitika kwa sauti ya namba 64. Nilijifunza majina. Ilinichukua wiki tatu, na wale wajina niliwapa majina ya kuwatofautisha, wakachagua wenyewe.

Nayasema haya kwa sababu watu wanadhani kompyuta ni mambo ya Ulaya na lugha ya Ulaya. Hapa hapa Mlimani, mwaka 2004, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kuna watu walikaa wakauliza faili tuliite nini, kuhariri tuseme vipi. Ile ilikuwa kazi ya kutoa majina. Na baba mdogo naye, kwa kalamu yake juu ya swichi, alikuwa anafanya kazi ileile. Mtoto wa Tegeta hakuandika server01. Aliandika mwalimu, na mwalimu akamjibu.

Taarifa ya mwisho kwa waliofika huku chini. Somo bado inawaka chumbani. Mama mdogo ameniomba nimfundishe kuifungua, ameweka humo picha na hesabu zake za vikoba, na kila akifungua terminali inamwambia baba@somo. Niliuliza kama anataka nibadilishe na hilo jina la mtumiaji. Aliniangalia tu. Nikaelewa, nikaendelea kula.

Mdogo wangu wa Kidato cha Nne amefikia mtihani wa 2019 wa Hesabu na amekwama kwenye swali la vekta. Na mimi nimekwama. Kama kuna mdau wa Hesabu hall yoyote ile Jumapili hana kazi, nauli ya kutoka Mwenge nalipa mimi, na wali wa nazi wa mama mdogo ni juu ya meza. Baraza halijifichi, ukifika mtaani kwetu uliza kwa Mwalimu.

Alamsiki.